Waliniona Nikimimina Mafuta ya Breki, Wakasema ni Dawa

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mkazi wa Bariadi, mama na bibi. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu, wala sitafuti huruma ya mtu. Huruma niliihitaji wakati ule... na wakati ule sikuipata.

Wasomaji wenzangu, mmewahi kutazamwa na ukoo mzima kama muuaji? Tena aliyekufa ni mume wako mwenyewe, uliyempikia asubuhi na kumsindikiza mpaka kwenye gari?

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepita miaka thelathini. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, mji wa vumbi na pamba. Mume wangu aliitwa Masunga. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Tuliishi naye kwenye mji wa wazazi wake, yaani boma lao, nje kidogo ya Bariadi, pamoja na mama mkwe wangu ambaye alinipenda na kuniita ng'wanone, mwanangu.

Tulikuwa na Landrova. Baba mkwe aliinunua enzi za ushirika kwa fedha za pamba, ikiwa imeshatumika na watu wengine, na ilipomfikia Masunga ilikuwa imezeeka kuliko madereva wengi wa mjini. Baba mkwe alipofariki mali iligawanywa mbele ya wazee. Masunga, kwa kuwa ndiye mkubwa, aliulizwa kwanza, akachagua gari. Mdogo wake, Lushinge, akachukua ng'ombe. Siku hiyo watu walimcheka sana mume wangu. Mtu anaacha ng'ombe wazima anachukua chuma kikuukuu!

Lakini mambo yakageuka. Serikali ilipofungua biashara, wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwa wingi, na kila mmoja alitaka gari la kufika vijijini, huko Migato, huko Mwanhuzi, kwenye njia ambazo malori makubwa yalikuwa yanazikwepa. Landrova yetu haikupumzika tena. Lushinge yeye ng'ombe wake walipukutika kwa ukame na magonjwa, akauza waliobaki, akafungua duka la spea karibu na stendi, akanunua na pikapu ya kubebea bidhaa.

Kuanzia hapo nikaanza kumwangalia shemeji yangu kwa jicho la pili. Kila alipokuja nyumbani alikuwa anaizunguka ile Landrova kwanza ndipo atusalimie. Anagonga bodi kwa kidole, anachungulia chini. Nilimwambia mume wangu kwamba mdogo wake analitazama gari kama mtu aliyeona ng'ombe wake kwenye zizi la jirani. Masunga akacheka kwa mabega, akasema nina roho ya wasiwasi.

Sasa niwaeleze habari ya breki, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata.

Gari la zamani kama lile, ndani ya breki zake kuna raba ndogo ndogo za mpira wa asili. Raba hizo zinataka mafuta ya breki yenyewe, siyo mafuta yoyote tu yanayoteleza. Ukitia ya injini, au ya gia, au ya haidroli ya trekta, mpira unayanywa, unavimba, halafu unaoza. Hata kuziosha kwa petroli ni mwiko. Haya alitufundisha fundi wetu, Elikana, mtu wa Kalemela aliyehamia Bariadi na kufungua gereji. Na mimi nilikuwa msaidizi wa mume wangu. Yeye akilala chini ya gari kutoa hewa kwenye breki, mimi ndiye niliyekaa juu nakanyaga pedali na kuachia kila aliponiambia.

Enzi za uhaba mafuta hayo tulikuwa tunayaagiza Mwanza. Yakifika, Masunga anayafungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Ilikuwa shida, lakini angalau ilikuwa aina moja tunayoijua. Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa chupa za kila rangi, nyekundu, kijani, njano, zenye picha za magari ambayo hatujawahi kuyaona. Zote zimeandikwa mafuta ya breki. Utachaguaje? Utajuaje iliyo ya gari la zamani na iliyo ya gari jipya, iliyo ya kweli na iliyo ya uongo?

Masunga alikuwa mwangalifu. Aliendelea kuagiza Mwanza. Lakini Lushinge alikuja nyumbani akalalamika mbele ya mama yao kwamba kaka yake anampitia dukani kama hamjui, watu wanamcheka, wanasema kama ndugu yake hanunui kwake basi bidhaa zake zina kasoro. Alisema ana mafuta mapya, ya kisasa, yanafaa gari lolote, la zamani na la sasa. Mama mkwe naye akamwambia Masunga ampe mdogo wake riziki.

Usiku huo nilimwomba mume wangu tusinunue. Alinijibu neno ambalo mpaka leo linaniuma.

"Mama Kulwa, ni mdogo wangu. Atanidanganya ili apate nini?"

Msimu wa pamba ulipoanza alinituma mimi dukani. Lushinge alinipa chupa kwa mkono wake mwenyewe, akiniita shemeji kwa furaha. Nilipofika nyumbani nikafungua boneti, nikapangusa vumbi kwenye kikopo cha breki, nikamimina. Mama mkwe alikuwa ameketi uani anachambua mchicha. Aliniona. Jirani aliyekuja kuomba moto naye aliniona. Ningejuaje kwamba macho yale yatakuja kunitafuta?

Siku za mwanzo breki zilikuwa nzuri. Baadaye Masunga akarudi safari akisema pedali imekuwa ngumu, magurudumu yanashika moto na kunuka kama kitu kinaungua. Elikana alikuwa amekwenda kwao Kalemela kwenye msiba. Masunga akaenda kwa mdogo wake. Lushinge akamwambia ni vumbi la njiani tu, raba zinazoea mafuta mapya, aongeze mengine. Akaleta chupa ya pili. Hiyo nayo niliimimina mimi, na mama mkwe akiwa pale pale uani.

Asubuhi ya safari ya mwisho Masunga alikunywa uji, akambeba mtoto wetu mdogo akamzungusha mara moja, akapanda gari. Alikuwa anafuata pamba upande wa Mwanhuzi. Walikuwa wawili tu, yeye na mpakiaji wake, mwanamume mtu mzima tuliyemfahamu. Kwenda walikwenda salama.

Walipokuwa wanarudi na mzigo, kwenye mteremko wa kushukia mtoni, breki zilikataa. Mpakiaji ndiye aliyenisimulia, mkono wake ukiwa umefungwa bendeji. Alisema Masunga alikanyaga, akakanyaga tena, pedali ikazama mpaka chini kama anakanyaga matope. Akavuta handibreki, mzigo ukaizidi nguvu. Akajaribu gia ndogo, haikuingia. Mbele, mtoni, kulikuwa na wanawake wanachota maji na watoto wao. Masunga akamgeukia mpakiaji akamwambia neno moja.

"Ruka."

Akaruka. Masunga akalipeleka gari kwenye kichuguu na miti ya miiba, mbali na wale wanawake. Magunia ya pamba yakamfunika. Walipomtoa... alikuwa amekwisha.

Oh, Masunga wangu! Sitaki kuandika sana kuhusu siku ile. Nililia mpaka sauti ikakauka. Niliona jeneza likishushwa nikatamani niingie nalo.

Matanga hayajaanuliwa, Lushinge akaja na jambo lililonishangaza. Alitaka gari. Alisema lile ni gari la mkosi, lisilale kwenye mji wetu, yeye atalichukua aliuze kama chuma chakavu. Landrova ilikuwa imevutwa mpaka nyuma ya zizi, imepondeka mbele. Nilijiuliza, huyu bado ana majivu ya msiba, haraka ya chuma chakavu ni ya nini? Nikamwambia gari ni la watoto wa marehemu, halitoki. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo watu walibadilika.

Kwenye mashine ya kusaga, wanawake niliokuwa nacheka nao waliacha nafasi kati yangu na wao. Mwenye mashine akapitisha madebe ya wote, langu likasagwa mwisho. Nilipowaamkia "Mwangaluka" waliitikia huku wakitazama pembeni. Nyumbani mama mkwe aliacha kula chakula nilichopika. Alisema hana njaa, kisha nikamwona anachoma kiazi chake mwenyewe jikoni kwake. Ng'wanone halikusikika tena. Nikawa "huyu".

Macho yangu yalikuwa mekundu kwa kulia. Nanyi wenzangu wa huku kwetu mnajua mwanamke mwenye macho mekundu anavyosemwa kuwa ni mchawi.

Ndipo dada mmoja wa kanisani aliponieleza wazi. Alisema maneno yanayozunguka ni kwamba nilitia dawa kwenye gari. Kwamba nilionekana mchana kweupe nikimimina kitu chini ya boneti, tena mara mbili. Kwamba nilitaka Landrova iwe yangu peke yangu. Na maneno hayo, alisema, yanaanzia dukani kwa shemeji yangu.

Watu wa mji ule wengi hawakujua mafuta ya breki ni nini. Kwao, mwanamke kumimina maji ya rangi ndani ya gari na mumewe kufia humo... ungewaambia nini? Mimi nilijua wanawake waliokatwa mapanga kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo. Nilianza kulala na wanangu chumba kimoja, mlango nimeuegemezea kinu na magunia. Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku mpakiaji, mbona yeye alipona? Nilimshuku Elikana, mbona aliondoka wakati ule ule? Mtu akikohoa nje nilisimama.

Aliyenitoa gizani ni mke wa Lushinge. Aliitwa Kabula, mwanamke mwoga ambaye mbele ya mumewe alikuwa haongei. Alikuja mchana, kwa sauti ya juu akasema amekuja kurudisha ungo. Alipoingia ndani akakaa sakafuni, akanong'ona kwa Kisukuma. Alisema ana jambo limemkaa kooni tangu msiba, na sasa amesikia watu wakipanga kuja kwangu, hawezi kunyamaza tena.

Nyuma ya nyumba yao, alisema, kuna pipa. Ndani yake ni mafuta yaliyotumika ya haidroli za matrekta, Lushinge anayachuja kwa kitambaa. Chupa tupu za mafuta ya breki anazikusanya kwenye gereji, anaziosha Kabula mwenyewe. Kisha Lushinge anazijaza, anafunga vifuniko vizuri, anazipanga dukani.

Nikamuuliza kama Lushinge alikuwa anajua madhara yake. Kabula akainamisha kichwa.

"Dada, pikapu yake haitii yale. Ya kwake anaagiza Mwanza."

Akaniambia nisimpe gari. Kisha akachukua ungo mwingine, akatoka nao ili majirani waone ni mambo ya kuazimana tu.

Wasomaji wangu, mume wangu aliacha kununua Mwanza kwa ajili ya huyu mtu, kumbe yeye mwenyewe bado ananunua huko huko!

Siku iliyofuata nilimfuata Elikana, alikuwa amesharudi. Nilimweleza yote nikimkodolea macho, maana hata yeye bado sikumwamini. Hakujitetea. Alichukua spana zake tukaenda wote nyuma ya zizi, nikamwita na mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa jadi wa eneo letu, aje aone kwa macho yake, asije mtu akasema tumechezea kitu. Elikana akafungua masta silinda, ile pampu kuu ya breki, akatoa raba. Zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolala kwenye maji. Moja aliibonyeza kwa vidole ikameguka.

Mtemi alikuwa mzee wa maneno machache. Alizifunga raba zile kwenye leso yake, akasema kikao kitafanyika nyumbani kwa mama mkwe, na kabla ya kikao hicho mtu asinyooshe hata fimbo kwangu. Akaweka vijana wake kulinda mji wetu. Bila mzee yule sidhani kama ningeandika leo.

Siku ya kikao uwanja ulijaa. Lushinge alikuja amevaa shati jeupe, akasalimia kila mtu kwa heshima. Alipopewa nafasi alisema anamlilia kaka yake, hana ugomvi na shemeji, ila anauliza tu kitu kilichomiminwa kilikuwa nini. Watu wakaguna kumuunga mkono. Nilipoeleza kwamba kilitoka dukani kwake, akasema kwa upole kwamba chupa ikishatoka dukani, mwanamke anaweza kutia humo chochote.

Mtemi alikuwa ameshalifikiria hilo. Asubuhi hiyo hiyo alituma watu wawili wakanunue chupa dukani, wasiifungue. Wakaiweka mbele ya watu. Elikana akaomba glasi mbili za maji. Glasi ya kwanza akamimina mafuta ya breki ya kweli aliyokuwa nayo gerejini. Yakazama, akakoroga, yakayeyuka ndani ya maji kama hayakuwapo. Glasi ya pili akafungua chupa ya Lushinge, akamimina. Yakapanda juu, yakaelea, yakatengeneza macho ya mafuta kama kwenye mchuzi. Hata mtoto angeona.

Lushinge akasema teknolojia zinatofautiana. Akasema mafuta ya kisasa yako hivyo, fundi wa kijijini hawezi kuyajua. Alisema vizuri sana, na nikaona watu wengine wanaanza kusitasita. Kumbe mtu anaweza kudanganya mbele ya glasi?

Hapo ndipo mama mkwe alipoinuka kwenye kigoda chake. Aliichukua ile chupa ya Lushinge na mafuta yaliyobaki ndani yake, akatembea nayo taratibu mpaka kwa mwanawe, akamnyooshea.

"Lushinge, pikapu yako iko pale njiani. Katie haya, halafu unipeleke mjini."

Lushinge alitazama chupa. Alitazama pikapu. Alifungua mdomo akasema breki zake hazihitaji mafuta kwa sasa. Mama akamwambia basi ayatoe yaliyomo, atie haya, tutasubiri. Lushinge hakuipokea ile chupa. Mikono yake ilibaki nyuma ya mgongo.

Mama mkwe akaiweka chupa chini, miguuni pake. Akaingia ndani kwake. Tukamsikia akilia upya, kilio kile cha siku ya kwanza, kana kwamba Masunga ameletwa tena mlangoni.

Pipa lilipatikana. Lushinge alipelekwa polisi, akashtakiwa kwa kuuza bidhaa bandia, akatumikia kifungo kifupi. Kuhusu kifo cha kaka yake hakuna kesi iliyosimama, kwa sababu nani angethibitisha alichokuwa nacho moyoni? Duka likafungwa. Kabula alirudi kwao na watoto wake, na mpaka leo tunatembeleana. Mama mkwe alikaa siku kadhaa bila kunitazama usoni. Kisha jioni moja alikuja jikoni kwangu, akaketi, akavuta bakuli la mboga niliyopika, akala. Hakusema samahani, wala sikumdai. Nilimtunza mpaka alipofariki.

Kwenye mazishi yake ndipo nilipomwona tena Lushinge. Alikuwa amezeeka mapema, nguo zimempwaya. Watu walipotawanyika nilimfuata. Miaka yote ile nilikuwa na swali moja, nikamuuliza bila kuzunguka kama alitaka kaka yake afe ili apate gari. Alijibu akiutazama udongo.

"Shemeji, nilijua yataharibu raba. Kaka sikumfikiria."

Akaondoka. Hatukuonana tena.

Nilimwamini? Kuna siku naamini kwamba ilikuwa tamaa tu, kwamba alitaka auze chupa na baadaye auze raba mpya. Halafu nakumbuka alivyokuwa akigonga bodi ya gari kwa kidole, na alivyokitaka kile chuma kabla kaburi halijakauka... naamka nimekaa kitandani. Sijui. Nitakufa sijui.

Ninachowaomba ninyi mnaoendesha magari ya zamani, ya urithi au ya kununua, ni hiki. Msinunue mafuta ya breki kwa kumwonea mtu haya. Ulizeni gari lenu lina raba za aina gani na linataka mafuta gani. Yakichunguzwa kwenye glasi ya maji yakaelea, yarudisheni. Pedali ikibadilika, gurudumu likinuka, msisubiri kesho. Muuzaji akinuna, mwacheni anune. Mume wangu aliogopa mdogo wake atanuna.

Na ninyi wengine, mkisikia mjane anasemwa kwamba kaua, kabla hamjasogea mbali naye kwenye mashine ya kusaga, mfuateni mkamuulize alichokimimina kilitoka kwa nani. Mimi hakuna aliyeniuliza.